Mwaka Tuliomchagua Sista Mwanaidi

Sista Mwanaidi alizikwa Jumanne baada ya swala ya adhuhuri. Wanaume walipobeba jeneza kwenda makaburini, sisi wanawake tulibaki ndani ya nyumba yake pale Levolosi, tumekaa kwenye mikeka, miguu tumeikunja, na mimi Mlutheri wa Machame nimejifunika khanga kichwani kama wenzangu. Pembeni yangu alikaa Nasieku, binti wa kutoka Olasiti, mwanasaikolojia wa hospitali, ambaye siku hizi ndiye katibu wa chama chetu cha wanasaikolojia. Wanachama wamemchagua akiwa na miaka thelathini na mbili, na hakuna aliyeshangaa. Aliniuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli kwamba marehemu ndiye alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa mwenyekiti. Nikamjibu kuwa ni kweli. Akasema, "Mama, kwenye faili kuna mstari mmoja tu. Jina lake na mwezi wa Desemba. Ilikuwaje?" Nilifungua kinywa nimweleze, nikaona siwezi kueleza pale, kati ya watu wanaosoma dua. Nikamwahidi nitaandika. Ndiyo haya.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Maduka ya mjini yalikuwa yamejaa vitu ambavyo zamani tulikuwa tunavisikia tu, na viwanda vilikuwa vinapunguza watu kila mwezi. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na saba, nimerudi kutoka masomoni nje na shahada ya saikolojia, nikapangiwa kufundisha chuo cha ualimu nje kidogo ya mji. Nilipanga chumba Levolosi, kwenye nyumba ya vyumba sita vinavyotazamana kwenye korido. Chumba changu kilikuwa na kitanda, meza, kiti kimoja cha mbao, na masanduku mawili ya vitabu ambavyo nilivipanga ukutani nikijiona tajiri. Nyumba ile haikuwa na dari. Kuta zilikuwa zinaishia juu kidogo ya mlango, na kutoka hapo hadi kwenye mabati palikuwa wazi, kwa hiyo tuliishi pamoja kwa masikio. Nilijua nani anakohoa, nani kaunguza maharage, nani hajaongea na mumewe tangu Jumapili. Na jirani yangu wa ukuta kwa ukuta alikuwa Sista Mwanaidi, mwanamke wa watu wa Kondoa, mjane, muuguzi wa miaka ishirini na moja katika wodi ya wagonjwa wa akili. Kila mtu alimwita Sista, hata muuza mkaa.

Siku za kwanza nilidhani ana ndugu wengi. Kila alasiri akitoka kazini alipata mgeni, mara mwanamke, mara mwanamume, na nilikuwa nasikia kiti kinavutwa, kisha kimya, kisha sauti yake ya chini. Siku moja nilikuwa mezani natayarisha somo la namna ya kumhoji mtu mwenye msongo, kitabu cha Kiingereza kiko wazi mbele yangu, nikasikia upande wa pili mwanamume akieleza kwamba alipunguzwa kiwandani miezi miwili iliyopita na hajamwambia mkewe. Kila asubuhi anavaa ovaroli, anatoka nyumbani saa moja, anakwenda kukaa karibu na uwanja wa mpira mpaka saa kumi. Niliangalia kitabu changu. Kitabu kilisema hapo muulize anajisikiaje. Sista hakuuliza hivyo. Nilisikia mchele ukipepetwa kwenye ungo, kisha akasema, "Na chakula cha mchana unakula wapi?" Yule mwanamume alianza kujibu kama mtu anayejibu swali jepesi. Akasema mkewe bado anamfungia chakula kwenye hotpoti, kama zamani, na saa sita anajificha nyuma ya ukuta wa uwanja anakila. Alipofika kwenye neno "anakila", sauti ilikatika, akalia. Alilia muda mrefu. Mchele uliendelea kupepetwa, taratibu, na mimi upande huu nimeshika kalamu hewani. Nilikuwa nimesoma miaka minne na sikuwahi kusikia swali kama lile.

Baada ya hapo sikuweza kujizuia. Alasiri nilisogeza kiti ukutani. Nilijua ninachofanya ni kosa, kwa sababu nilikuwa nafundisha wanafunzi wangu kwamba siri ya mtu ni kama mwili wake, huitazami bila ruhusa, na jioni nilikuwa nasali kuomba msamaha kisha kesho yake nasogeza kiti tena. Baada ya wiki tatu dhamiri ilinishinda. Nilibisha hodi kwake siku ya Jumamosi. Alikuwa anapika ugali wa uwele na mlenda, akanikaribisha, akaninawisha mikono kabla sijasema neno. Chumba chake kilikuwa sawa na changu kwa ukubwa, lakini alikipanga kwa namna ambayo mtu akiingia anajua mara moja akae wapi. Viti viwili vifupi vilikaa ubavu kwa ubavu, vimetazama mlango ulio wazi na ua la geraniamu kwenye kopo. Nikamwambia yote, macho yakiwa kwenye sahani.

"Najua," alisema. "Kiti chako kinalia ukikisogeza."

Kisha akaniambia jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka natulia kwanza. Tangu juma nililohamia, kila mgeni aliyefika mlangoni kwake, yeye alimnong'oneza kwamba nyuma ya ukuta ule kuna mwalimu, na sauti inapita. Kama hataki kusikika, watakwenda kukaa uani nyuma ya tangi la maji. Wengine walikwenda uani. Yule fundi wa ovaroli alifikiri kidogo, akasema acha asikie, labda atawafundisha walimu wake huko chuoni. Mimi nilidhani nimeiba, kumbe nilikuwa nimepewa, na aliyenipa alikuwa mtu asiye na kazi, aliyekuwa anajificha nyuma ya ukuta ili ale. Kuanzia siku hiyo tulikula pamoja mara nyingi. Yeye aliniuliza vitabu vinasemaje, nikamsomea nikitafsiri, naye alisikiliza kwa makini kabisa, mara akikubali, mara akisema, "Huyo aliyeandika hajawahi kufanya zamu ya wodi."

Nilikuwa nimejiunga na chama cha wanasaikolojia na washauri nasaha cha kanda yetu, na nilitaka sana wamwone. Chama kilikuwa kichanga. Kilikutana mara moja kwa mwezi, Ijumaa saa saba mchana, kwenye chumba cha nyuma cha ukumbi wa mikutano mjini, chumba chenye meza ndefu na mapazia ya kijani yaliyopauka. Mwanzilishi na mwenyekiti alikuwa Dakta Onesmo, mtu wa Rombo, mrefu, mwenye miwani mizito na adabu ya kizamani. Kila mtu akiingia, yeye alikuwa anasimama kumsalimu. Alikuwa amekijenga chama kwa mikono yake, akichapa barua zote mwenyewe. Katiba yake ilikuwa na makundi mawili. Wenye shahada walikuwa wanachama kamili, wanapiga kura na kuongoza. Wauguzi, walimu walezi na wengine waliofanya kazi hiyo bila shahada walikuwa washiriki: wanakuja, wanasikiliza, hawapigi kura. Katika wanachama kamili, mwanamke nilikuwa peke yangu. Katika washiriki kumi na mmoja, wanawake walikuwa tisa. Nilikuwa nimekaa pale miezi mitano bila kuhesabu. Wala sikuwa nimejiuliza kwa nini hakuna Mwislamu hata mmoja mezani, mpaka siku Sista alipokuja, akafika saa nane na nusu wakati tunakaribia kufunga, akasimama mlangoni na kuomba radhi kwamba ametoka kwenye swala ya Ijumaa. Dakta Onesmo alisimama kama kawaida, akamkaribisha kwa heshima zote, akamwonyesha benchi la washiriki lililo nyuma. Kikao kiliendelea kwa Kiingereza. Sista, ambaye Kiingereza chake kilikuwa cha dawa na vipimo, alikaa ameweka mikono mapajani, akiangalia nyuso. Tulipokuwa tunarudi nilimuuliza amewaonaje. Akasema wanajua vitu vingi. Kisha, baada ya hatua kadhaa, akasema, "Yule wa miwani ana msiba. Hamjamuuliza?" Nikamwambia sijasikia habari ya msiba.

Mwezi wa Juni Dakta Onesmo alinialika chakula cha mchana kwenye hoteli moja karibu na mnara wa saa. Tulikula ndizi nyama. Alikuwa amekonda, nikakumbuka maneno ya Sista, lakini sikuuliza. Nilikuwa binti mbele ya mkubwa, na sikujua nianzie wapi. Akaniambia anataka kupumzika, na kwamba wenzake wamekubaliana niwe mwenyekiti. Wafadhili, alisema, siku hizi kila barua wanauliza habari za jinsia. Neno hilo lilikuwa geni katika maana hiyo mpya, naye alilitamka kwa uangalifu, kama mtu anayesoma jina la dawa. Mimi nilikuwa na shahada, nilikuwa mwanamke, nilikuwa na tabia njema. Nilikubali kabla ndizi hazijapoa.

Nilikimbia kumwambia Sista. Alikuwa anamenya viazi uani. Alinipongeza, akasema nitafaa. Akaendelea kumenya kiazi kizima, akakitupa kwenye maji, ndipo akasema, "Nikuulize, Mwalimu. Wamekuchagua kwa sababu unaweza, au kwa sababu wakiwa na wewe hawahitaji mwingine?" Hakuuliza kwa uchungu. Aliuliza kama alivyomuuliza yule fundi habari ya chakula, akitaka kweli kujua. Niliingia chumbani kwangu nikakaa kwenye kiti, na kwa mara ya kwanza nikahesabu lile benchi la nyuma, jina kwa jina.

Mkutano mkuu ulifanyika Usa River mwezi wa Julai, kwenye ukumbi wa nyumba ya wageni iliyozungukwa na mashamba ya maua. Asubuhi ilikuwa baridi, Meru imejifunika yote. Saa sita chakula kilipoletwa, wale wanawake washiriki waliinuka bila kuambiwa wakaanza kutupakulia. Niliinuka nao. Katibu, Ndugu Wilfred, mwalimu wa saikolojia ya elimu, aliniwekea mkono begani akasema kwa upole nikae, mimi ni mwenyekiti mtarajiwa. Nikakaa. Sista Mwanaidi alikuja na sinia la pilau akanipakulia, akanichagulia paja la kuku, akasema, "Kula, Mwalimu," akaenda kwa mwingine. Sijawahi kula chakula kigumu kushuka kama kile.

Baada ya chakula Dakta Onesmo alisimama kuaga. Ilikuwa desturi yake kusoma majina ya wapendwa ambao wanachama wamefiwa nao mwaka huo, na mwaka huo karatasi ilikuwa ndefu, kwa sababu watu walikuwa wanakufa sana, vijana hasa, na ugonjwa haukuwa unatajwa. Alisoma jina la kwanza, la pili, la sita. Akafika mahali akanyamaza. Tulidhani haoni vizuri. Akasogeza karatasi karibu, midomo ikacheza, hakikutoka kitu. Kisha miwani yake ikaanza kutetemeka. Jina lililofuata lilikuwa la binti yake, alilolichapa mwenyewe, na kumbe alimzika Rombo mwezi wa Februari bila kumwambia mtu yeyote kati yetu. Mle ndani tulikuwa wanasaikolojia ishirini na kitu. Kila mmoja aliangalia karatasi yake. Mimi niliangalia mfupa wa kuku kwenye sahani. Hatukuwa watu wabaya, tulikuwa tumeogopa.

Sista aliinuka kutoka nyuma kabisa. Ukumbi ulikuwa mrefu, na alitembea urefu wake wote bila haraka, viatu vyake vya kazi vikisikika kwenye saruji. Alimshika Dakta kiwiko, akamkalisha, akavuta kiti akakaa ubavuni kwake, wote wawili wametazama dirisha, si sisi. Muda ulipita mrefu mpaka nikasikia ndege nje. Kisha akamuuliza binti alikuwa anapenda kula nini. Dakta Onesmo akajibu, kwa Kiswahili, kwenye mkutano ambao haukuwahi kuongea Kiswahili, "Mtori. Lakini hataki nyama. Mama yake alikuwa anaisaga nyama ili asiione." Akacheka, na kicheko kikageuka, akalia akiwa amemwegemea yule muuguzi begani. Sista akageuza kichwa kidogo akatuambia, "Nendeni mkanywe maji. Tutarudi." Tukatoka wote. Nilipofika kwenye majani nje ndipo nilipogundua kwamba mtu asiye na kura alikuwa ameahirisha mkutano mkuu, na wasomi wote tumetii, na hakuna aliyeona ajabu.

Tuliporudi, Dakta alikuwa ameosha uso, akataka uchaguzi uendelee. Ndugu Wilfred akataja jina langu. Nilisimama. Nilikuwa na hotuba ya Kiingereza kwenye mkoba, sikuitoa. Nikasema sitagombea, nikasema tumeona leo nani anaweza kutuongoza, nikaomba kifungu cha shahada kiondolewe ili Sista Mwanaidi agombee. Kukawa na kelele. Ndugu Wilfred alipinga, na hoja yake haikuwa ya kijinga. Alisema siku hizi mtu yeyote anatundika kibao, anajiita daktari wa akili, anafunga watu kamba uani kwake. Shahada ndiyo uzio pekee tulio nao, tukiuvunja kesho tapeli atakaa kiti cha mbele. Tulipiga kura. Theluthi mbili ilitakiwa. Tulikosa kura tatu. Dakta Onesmo hakupiga. Alikubali kushikilia kiti mpaka mkutano wa dharura wa Desemba.

Nilirudi Levolosi nikijiona shujaa aliyeshindwa, nikingoja Sista anishukuru. Alifika mlangoni kwangu, hakuingia.

"Hukuniuliza," alisema.

Sikuelewa.

"Umenisimamisha mbele za watu wale bila kuniuliza kama nataka. Wao hawakuniona, na wewe hukuniuliza. Tofauti yake nini?" Kisha sauti yake ikashuka. "Kiti nakitaka. Nimekitaka tangu siku ya kwanza. Ila nitakiomba kwa mdomo wangu."

Nimepokea maonyo mengi maishani, ya wazazi, ya maprofesa, ya askofu mmoja. Hakuna lililonikaa kama lile. Nilimwomba radhi. Akanipa kazi: nimfundishe katiba, kifungu kwa kifungu, kwa Kiswahili. Miezi minne tulikaa kwenye vile viti vifupi viwili tukiitafsiri. Alikuwa anasimama kwenye neno moja hata siku mbili. Aliuliza neno "ustadi" linapimwa na nani. Aliuliza kwa nini vikao ni Ijumaa, nikamwambia nadhani hakuna aliyefikiri, akasema liandike hilo pia.

Desemba tulikutana Jumamosi, kwenye chumba chetu kile cha mjini. Sista Mwanaidi alivaa sare yake nyeupe ya wodi na mtandio mweusi, akaomba nafasi, akasimama mbele. Hakuzungumza juu ya wanawake, wala juu ya dini yake, wala juu ya yale ya Usa River. Alimgeukia Ndugu Wilfred akamwambia kwamba ana haki ya kuogopa matapeli, kwani yeye ndiye huwapokea wodini watu waliotolewa kwenye kamba hizo, akiwasafisha vidonda vya mikono. Akasema uzio usivunjwe, ila uwekewe mlango wa pili: miaka kumi ya kazi iliyosimamiwa, na mashahidi watatu wanaoifahamu, ambao chama kitawahoji. Akasema hayo kwa dakika chache, bila karatasi, akarudi kukaa. Niliangalia ule uso mtulivu nikafikiri, huyu mtu alikuwa hapa mjini miaka yote hii. Ndugu Wilfred alikaa ameinamisha kichwa. Kura za kuongeza mlango huo zilipohesabiwa zikatosha, yeye mwenyewe ndiye aliyesoma matokeo, na alikuwa mtu mwaminifu: alitangaza kwamba yake imo kati ya za ndiyo. Saa moja baadaye Sista alichaguliwa mwenyekiti. Alimshinda mhadhiri mmoja wa Moshi, ambaye alikuwa wa kwanza kumpa mkono.

Alikwenda kukaa kwenye kile kiti mwisho wa meza ndefu. Tulitarajia hotuba. Badala yake aliwaita watu wa benchi la nyuma waje mezani, tukasogea, tukabanana. Kisha akasema kabla hatujaanza kazi, kila mmoja amtaje, kwa jina moja tu, mtu wa kwanza ambaye hakuweza kumsaidia. Lugha yoyote. Akaanza yeye. Akasema "Salumu." Muuguzi wa pili akataja jina. Mhadhiri wa Moshi akataja lake, sauti ikikwaruza. Ndugu Wilfred akavua saa, akaiweka mezani, akasema "Rehema." Dakta Onesmo alitaja jina la binti yake, safari hii bila kukwama. Majina yalikuja yakizunguka meza, ya Kimeru, ya Kimasai, ya Kiislamu, ya ubatizo, mpaka nikaona kile chumba cha mapazia ya kijani kimejaa watu wengi kuliko sisi tuliokuwa tumekaa. Nilikuwa wa mwisho. Nilitafuta kichwani na moyoni, sikupata, nikaona aibu, nikasema ukweli kwamba mimi bado sina.

Sista Mwanaidi aliniangalia kutoka upande ule wa meza.

"Utampata," alisema. "Siku hiyo usikimbie."

Nilimpata mwezi wa tatu uliofuata, msichana wa mwaka wa pili pale chuoni kwetu. Aliitwa Upendo. Nilikaa ubavuni kwake mpaka mwisho wake.